Kijiti cha Viatu vya Krismasi

Mzazi anayeshuka kutoka milimani kuja Morogoro mjini kumnunulia mtoto viatu mara nyingi haji na namba, anakuja na kijiti. Mtoto akiwa amelala anapimwa unyayo, kijiti kinakatwa hapo, kinafungwa kwenye pindo la khanga mpaka dukani. Mimi mwenyewe nimevaa viatu vya kijiti hadi darasa la saba, kwa hiyo sina cha kujitetea.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, mama mmoja alipita na tenga la ndizi kwenye duka la viatu ninapouza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee vile vinavyowaka taa kisiginoni. Binti yangu hajaomba kingine mwaka mzima. Kipimo hiki hapa, nikimaliza sokoni nakuja."

Akakiacha kijiti mezani. Zilikuwa zimebaki pea mbili tu, namba ishirini na nane na namba thelathini. Nikasema nitapima baadaye.

Bosi, mzee wa Kihindi, alikuwa amenipa utepe wa kung'aa nipambie mlango. Nikapanda kigoda huku nawaza duka langu la kesho, lenye kioo kikubwa na feni mbili. Utepe ukawa unateleza. Nikashuka, nikachukua kijiti, nikakivunja vipande viwili, nikavichonga ncha kwa kisu na kuvichomeka kwenye ufa wa fremu. Utepe ukashika. Nikafagia maranda, roho kwatu.

Saa tisa akaingia dada mmoja kutoka Kihonda, simu mkononi. "Nataka vile vya taa, thelathini. Mwanangu kanitumia picha mara kumi, hata kula hataki."

"Mtoto wa yule mama wa ndizi anavaa namba ngapi?" bosi akauliza. "Mwekee yake, hiyo nyingine uza."

Nikageukia meza. Halafu nikatazama mlango.

Nilichomoa vile vipande, nikaviunganisha ndani ya kiatu. Havikufika hata ishirini na nane. Nilichonga kiasi gani? Sikujua. Ningeweza kusema ishirini na nane, na hakuna ambaye angenishika. Ila kesho asubuhi kuna mtoto angelazimisha vidole.

"Dada, mnauza au mnaviangalia?" yule wa Kihonda akaniuliza.

"Subiri kidogo, dada yangu."

"Krismasi haikusubiri wewe."

Bosi alikuwa ananiangalia juu ya miwani. Hapo ndipo mama akaingia, tenga likiwa tupu. Nilimwonyesha vipande kiganjani, nikamweleza vyote, mpaka kile kisu. Sauti ilinitoka kama ya mgonjwa.

Akatua tenga. "Kwa hiyo nipande mlima nikamwambie nini?"

Akaketi kwenye benchi la kujaribia, akaingiza mkono kwenye kiatu kidogo, akafumba macho. "Namwosha miguu kila jioni," akasema. "Kisigino kikiwa hapa kwenye kifundo cha mkono, kidole gumba kinanigusa hapa." Akautoa mkono. Akaingiza kwenye kile kikubwa. Akautoa tena. "Sijui. Vyote ni kama yeye."

"Basi mpe hicho kidogo, mimi nichukue changu kikubwa," dada wa Kihonda akasema.

"Chukua kikubwa, mama," nikasema haraka. "Kikubwa kinajazwa kitambaa. Kidogo hakivutiki."

Dada wa Kihonda alisonya, akatoka akipiga simu duka lingine. Mama alilipa, akafunga viatu kwenye khanga, akaondoka bila kuniaga. Jioni ile bosi alinisema mpaka tunafunga, na alikuwa na haki.

Krismasi nilikula wali nikiwaza miguu ya yule mtoto.

Baada ya mwaka mpya mama alipita tena na tenga lake. Nilimwamkia nikiwa nimeshika meza kwa mikono miwili.

"Vinampwaya kidole kizima," akasema. "Tumejaza kitambaa. Na taa ya mguu wa kushoto imeshakufa."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Hataki kuvivua."