Bei ya Stempu ya Ambokile

Kuna siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Juzi ulipoikuta ile stempu ndani ya Biblia yangu ukaniuliza ni bei gani, nilikufokea kwa sababu ya siku hiyo. Wewe huna kosa. Kaa hapa nikuambie.

Nilikuwa msichana wa kuchuma chai, enzi zile za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa soko la Tukuyu na kila mtu anasimulia jinsi fulani alivyotajirika. Mama alikuwa ameshafariki. Kaka yangu Ambokile, ndugu yangu wa pekee, alikuwa ameuza baadhi ya ng'ombe wa baba kwa siri akakimbilia machimboni, huko kaskazini. Baba alinuna miaka miwili. Jina la Ambokile halikutajwa, tukawa tunakula wawili bila neno, na ukungu wa Rungwe nje.

Ndipo ikaja barua. Nilimsomea baba, maana yeye hakujua kusoma. Ambokile aliomba radhi, akaandika: "Nimehamia machimbo mengine, anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Mkinijibu nitajua nimesamehewa, nitarudi. Mkinyamaza, sitawasumbua tena."

Baba akasema, "Mwandikie leo. Mwambie ng'ombe wamezaa, arudi nyumbani."

Leo! Mimi nikasema kesho. Mara kalamu imekauka, mara nimechoka, visingizio havikosi. Na ile bahasha ilikuwa na stempu kubwa ya rangi, ya ukumbusho wa Uhuru, imegongwa muhuri wa posta. Kule shambani wachumaji walisimulia kwamba mtalii mmoja, pale Ziwa Kisiba, alimpa mtu redio kwa stempu kuukuu. Redio, mwanangu! Nikajiona nimeiweka barazani, majirani wote wamekuja kusikiliza. Nikaitumbukiza bahasha nzima kwenye karai la maji ya uvuguvugu, kama walivyonielekeza, ili stempu ibanduke bila kuchanika. Ikabanduka vizuri kabisa. Karatasi iliyobaki, imelowa chapachapa, nikaitupa motoni. Sikuigeuza hata mara moja.

Nikaenda Ibighi kwa Mzee Salimu, fundi cherehani ambaye wazazi wake walitoka pwani. Alikusanya stempu tangu ujana wake. Akaishika kwa kibano, akaikagua kwa kioo cha kukuzia, akahesabu meno ya ukingoni, akaigeuza mgongo. Mwishowe akafungua bati la biskuti, na humo nikaziona zilizofanana na yangu, tele.

"Ni ya kawaida, binti yangu," akasema. "Zilichapwa nyingi mno, na hii imeshatumika. Ingekuwa juu ya bahasha yake, angalau muhuri ungekuwa mzima. Bahasha iko wapi?"

"Nimeichoma."

"Ilitoka kwa nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu, ndipo nikakumbuka nyuma ya bahasha. Jamani! Nikamsihi anisomee muhuri, anitajie posta barua ilikotoka. Akasogea dirishani penye mwanga. Juu ya stempu palikuwa na robo tu ya muhuri. Robo tatu zilizobaki ziliungua jikoni kwetu pamoja na bahasha.

"Naona A, basi," akasema. "Na miji yenye A ni mingi, binti yangu." Kisha, bila kunicheka, "Usiache mbachao kwa msala upitao. Waliosema hivyo walikujua."

Niliandika kwa anwani yake ya zamani, niliyopewa na rafiki yake ambaye naye hakuijua mpya, barua ikarudi. Kila nilipotoka posta baba aliniuliza, "Amejibu?" Nami nikasema bado. Sikumwambia kweli. Alikufa akiamini mwanawe amemkataa, na huko aliko mwanawe anaamini baba alimkataa. Walikuwa wameshasameheana, mwanangu, na aliyejua hivyo ni mimi peke yangu. Mpaka leo gari la Mbeya likisimama, mimi hutazama wanaoshuka.

Hiyo ndiyo bei yake, umeisikia. Mtu akikuomba radhi mjibu siku hiyohiyo, hata kwa mstari mmoja. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Na ukikosea, sema mapema. Ningemwambia baba, pengine angekwenda mwenyewe kumtafuta machimboni, bado alikuwa na nguvu zake. Lakini niliona aibu, na aibu yangu ikawala watu wawili. Watatu, nikijihesabu.

Mungu akupe moyo mwepesi wa kusamehe, na asikuache uzeeke ukimngoja mtu asiyejua kama anangojwa. Haya, irudishe stempu ndani ya Biblia. Halafu mpigie simu dada yako. Najua mmenuniana tangu Pasaka. Mpigie sasa hivi, nami niko hapa nasikiliza.