Sanduku la Tarishi na Tope la Vrbata

Katika miaka yote aliyopeleka barua Stará Lhotka na vijiji vyake, Otakar Vrbata hakuwahi kutumbukiza barua ya mtu kwenye sanduku la mtu mwingine. Hilo hulisema mwenyewe, tena bila kuulizwa. Hulisema dukani akisubiri mkate. Hulisema kwa daktari wa meno kabla hajafunguliwa kinywa. Siku ya harusi ya bintiye aliwaeleza wakwe, ambao walikuwa wameuliza tu choo kiko wapi.

Mtu mwenye sifa kama hiyo, ukimpa mchezo unaohusu kufika mahali halisi kwa namba halisi, umempa mwehu rungu. Mchezo wenyewe ni wa kusaka vikasha. Mmoja anaficha kikasha msituni, ndani yake kidaftari, kalamu na vikorokoro vya kubadilishana, kisha anatangaza namba za mahali pale mtandaoni. Wengine wanafuata namba hizo kwa simu au kwa kifaa cha setilaiti. Wakikipata wanaandika jina kidaftarini, wanakirudisha kama kilivyokuwa, na jioni wanaandika kwenye ukurasa wa kikasha kwamba wamekipata. Wakiwa waungwana, wanaandika pia kwamba hawakukipata.

Hapo kwenye uungwana ndipo Otakar alipojijengea jina. Aliwakaripia waliochukua kigari cha kuchezea na kuacha tiketi ya basi iliyokwisha tumika. Aliwakaripia walioandika neno "asante" na basi, kana kwamba wamepewa chumvi mezani. Aliwafundisha wageni kwamba katika msafara, atakayekiona kikasha asipige kelele wala asinyooshe kidole. Aende zake kando, akae, awaache wenzake nao wapate raha ya kutafuta. Na waliomchukiza kuliko wote ni wale ambao, wakishindwa kukipata cha zamani, hutupa kikasha kipya palepale ili waandike kwamba wamefaulu. Hao aliwaita matapeli wa plastiki.

Yeye mwenyewe alikuwa na kikasha kimoja tu, lakini kikongwe kuliko vyote wilayani. Alikiita Sanduku la Tarishi. Alikificha katika tundu chini kabisa ya shina la msonobari wenye vilele viwili juu ya kilima cha Vranka, na kila alipokwenda kukikagua hakubeba kifaa chochote. "Nitumie setilaiti kwenda kwangu?" alikuwa akisema. "Kwani mnatumia ramani kwenda chooni?"

Mara mojamoja watu walilalamika. Miaka ya nyuma Šárka Doležel, mwalimu wa chekechea kutoka mji wa jirani, aliandika kwa adabu kwamba amekipata, ila namba zilimpeleka kwanza kwenye tope. Otakar alijibu siku hiyohiyo, hadharani: "Namba hazina kosa. Jifunze kutumia kifaa. Na ununue viatu vya mvua." Jibu hilo alilipenda sana. Alimsomea mkewe, Libuše, mara mbili.

Kisha wakaja wadudu wa magome. Huku kwetu wamekula misonobari kilima baada ya kilima, na mwaka huo ilikuwa zamu ya Vranka. Mashine zikafyeka juu kote. Otakar alisikia, kama tulivyosikia sote. Alijua kwamba msitu umekatwa. Ambacho hakikumpitia akilini ni kwamba mti wake nao ulikuwa sehemu ya msitu.

Ujumbe wa kwanza wa "sikukipata" ulipoandikwa, alitabasamu. Wa pili akacheka. Baada ya wa tatu akaandika msimamizi, mmoja wa wale wanaojitolea kuangalia mchezo usiharibike: mwenye kikasha aende akakikague, na asipofanya hivyo kabla ya mwezi kwisha, kitaondolewa kwenye ramani. Kilichoondolewa hakirudi. Ukongwe wake unakufa nacho. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo siku ambayo Otakar mwenyewe alikuwa amewaalika wasakaji wa wilaya nzima kusherehekea miaka ishirini ya Sanduku la Tarishi, kisha wachome soseji nyumbani kwake baada ya kulitembelea.

Akapanda kilimani Jumatatu, akipiga mluzi.

Mluzi uliishia juu. Mahali pa msitu palikuwa na visiki, visiki, na visiki vingine nyuma ya visiki. Akatafuta msonobari wenye vilele viwili. Ilimchukua muda kutambua kwamba kisiki hakina kilele hata kimoja.

"Vizuri," akajiambia. "Namba zipo."

Akatoa simu, akaingiza namba zake mwenyewe, zilezile zisizo na kosa, akaufuata mshale. Mshale ukamteremsha mteremkoni, ukampitisha kwenye manyasi marefu, ukasema amefika. Kweli alikuwa amefika. Mguu wa kushoto ulikuwa umefika zaidi, hadi gotini, katika tope jeusi lililonuka mayai viza. Alipouvuta, kiatu kikabaki. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, na maneno yake yakamrudia moja moja, kwa sauti yake mwenyewe: jifunze kutumia kifaa. Ununue viatu vya mvua. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu kweli.

Akarudi juu, akapiga magoti, akaanza kupekua kisiki kimoja baada ya kingine. Alijua alama ya kutafuta. Watoto wa shule walikuwa wamekipata kikasha kwa wepesi uliomuudhi, kwa hiyo majira ya kuchipua yaliyopita alikiboresha: akagundisha kipande cha gome mbele ya tundu, na juu ya gome akapanda kuvumwani, ule ujani laini unaoota kwenye miti yenye kivuli. Kazi safi. Basi akatafuta ujani.

"Otakar! Umepoteza meno?"

Alikuwa Hynek, jirani yake, kapuni mwake mna uyoga mnono uliojaa hadi juu. Hynek hachezi mchezo huu. Watu kama yeye wasakaji huwaita washamba, na sheria ni kwamba mshamba haambiwi kitu.

"Nachuma uyoga," alisema Otakar.

"Kwenye jua kali hivi? Juu ya visiki?"

"Kuna uyoga wa visiki."

"Huo bado mwezi mzima uote, bwana. Na hiyo soksi?"

"Napunga hewa."

Hynek akamtazama kwa huruma, kama mtu anayehesabu ni nani wa kumpigia simu. "Njoo," akasema, "nikuonyeshe pangu. Lakini usimwambie mtu."

Kwetu mtu hamwonyeshi mwenzake mahali pake pa uyoga hadi awe kitandani akikata roho. Otakar alielewa amefikiriwa nini. Akamfuata akichechemea, akachuma, akarudi nyumbani na kiatu kimoja na uyoga wa kutosha sufuria mbili. Libuše akafurahi, akapika mchuzi wa uyoga wenye maziwa ya mgando, bizari na yai juu yake. Otakar akaula hadi mwisho.

Jumanne hakupata kitu. Jumatano hakupata kitu, ila uyoga. Alhamisi jioni Libuše alikuwa akitafuta leso mfukoni mwa koti la mumewe, akatoa kikasha cha plastiki, kipya, na ndani yake kidaftari kisichoandikwa hata mstari.

"Hiki cha nini?"

"Cha mkate. Nikitoka."

"Na kidaftari ni cha kuandika umeumega mara ngapi?"

Otakar akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema yote: tope, visiki, msimamizi, Jumamosi. "Nakiweka pale juu, chini ya kisiki chochote. Naandika kwamba nimekagua, kila kitu kipo shwari. Nani atajua?"

"Wewe si ndiye uliyewaita watu matapeli wa plastiki?"

"Wakati ule nilikuwa sijapotelewa."

"Aa. Kumbe utapeli ni dhambi ukifanywa na jirani." Libuše akaanza kucheka, na akicheka Libuše hukaa chini kwanza. "Tarishi kapoteza sanduku la barua! Lake mwenyewe! Ee Otakar, na wewe ulivyowasumbua watu!"

"Cheka tu."

"Nacheka, mume wangu. Ungetaka nilie? Sikiliza. Ukiweka hicho cha mkate, Jumamosi watu watakipigia makofi. Utaweza kusimama pale unapigiwa makofi?"

Hilo alikuwa hajalifikiria. Alijaribu kuiona picha yenyewe: yeye kifua mbele, akieleza jinsi ambavyo hakuwahi kukosea barua, na mkononi kikasha cha plastiki ambacho bado kina harufu ya duka. Akahisi masikio yanapata moto. Alikuwa na makosa mengi, na wiki hiyo alikuwa amekutana na mengi yake kwa mara ya kwanza, lakini hilo hakuliweza.

Akafungua ukurasa wa Sanduku la Tarishi. Ikiwa msimamizi ataliondoa, aliondoe. Akaandika kwa vidole viwili, polepole:

"Mimi ndiye mwenye kikasha. Nimekwenda kukitafuta kikasha changu kwa siku tatu. Sikukipata. Namba zangu zinapeleka kwenye tope, kama nilivyoambiwa mapema na watu ambao sikuwasikiliza. Kiatu changu cha kushoto kiko huko, atakayekipata aandike jina lake ndani. Viatu vya mvua nimenunua. Jumamosi soseji zipo, kikasha sijui."

Jibu hili hakumsomea mtu yeyote. Akaenda kulala.

Alidhani watakuja wachache, kwa kumhurumia. Wakaja kutoka mji wa Jihlava, wakaja hata kutoka mji wa Brno, wengine hata hawajawahi kufika Lhotka. Mwenye kikasha kukiri kwamba hakioni kikasha chake ni jambo ambalo watu walitaka kulishuhudia kwa macho. Wote walikuwa wamevaa viatu vya mvua. Hakuna aliyesema neno kuhusu viatu. Walivaa tu, na walipita mbele yake taratibu ili avione.

"Habari za asubuhi, Bwana Vrbata," alisema Šárka Doležel. Vyake vilikuwa vyekundu.

"Mwalimu," alisema Otakar, "nilikujibu vibaya ile siku."

"Ipi? Umenijibu vibaya mara nne."

"Basi zote."

Šárka akacheka. "Tukatafute kwanza. Tukikikosa, utaomba radhi vizuri zaidi."

Wakatawanyika kati ya visiki. Otakar akapiga magoti palepale alipokuwa amepiga magoti siku tatu. Haukupita muda, Šárka akanyanyuka, akajipangusa mikono, akaenda zake kando, akakaa juu ya gogo na kumimina chai yenye tone la ramu. Otakar akadhani amechoka. Kisha kijana mmoja wa Brno naye akanyanyuka, akakaa. Kisha mume na mke. Kisha watatu kwa mpigo. Nyuso zao zilikuwa tulivu kama za watu kanisani.

Otakar akainua kichwa. Kilima kizima kilikuwa kimekaa. Waliobaki wakitafuta walikuwa yeye na mbwa mmoja.

"Mmekiona," akasema.

Mtu akanywa chai kwa kelele.

"Mmekiona wote! Kiko wapi?"

"Bwana Vrbata," alisema kijana wa Brno kwa heshima kubwa, "anayemwonyesha mwenzake anamwibia raha. Maneno ya nani hayo?"

"Yangu, lakini mimi ndiye mwenye kikasha!"

"Ndiyo maana raha yako itakuwa kubwa zaidi."

"Hata kidokezo?"

"Jifunze kutumia kifaa!" wakapaza sauti, kilima kizima, kama kwaya.

Otakar akaanza kukasirika, akakuta hasira haipo. Ilikuwa imebaki topeni na kiatu. Kikaja kicheko, kikamtingisha hadi akalazimika kushika kisiki. Akiwa ameinama hivyo, Šárka akamwonea huruma.

"Mwenzetu," akasema, "hebu tuambie, unatafuta kitu cha namna gani?"

"Gome. Lenye ujani juu yake."

"Na ujani unaota wapi?"

"Kwenye kivuli," alisema Otakar, akatazama juu, kwenye anga tupu lisilo na tawi hata moja, akatazama chini. Mbele ya goti lake, kwenye kisiki alichokishikilia, kilichomjua sasa kuliko fundi wake wa nguo, palikuwa na gome lenye manyoya makavu ya rangi ya kahawia, kama kofia ya babu. Pembeni yake gundi iling'aa juani. Mtoto angeiona. Watoto, kwa kweli, walikuwa wameiona. Wawili wa chekechea, waliokuja na mwalimu wao, walikuwa tayari wanakula soseji kabla hazijachomwa pale kwenye gogo.

Akalivuta gome. Sanduku la Tarishi lilikuwa ndani, kavu, kidaftari chake cha zamani kimetulia.

Wakampigia makofi, na yaligeuka kuwa makofi aliyoweza kusimama akipigiwa, maana yalikuwa ya kumcheka. Šárka na wengine wakapima mahali pale kwa vifaa vyao, wakalinganisha, wakampa namba mpya. Otakar akaziandika ukurasani mwa kikasha palepale akiwa amesimama, akamwarifu msimamizi, na chini yake akaongeza: "Namba za zamani zilikuwa na kosa. Kosa ni langu, la miaka ishirini." Akataka kujiandika katika orodha ya waliokipata. Wakamkatalia: sheria ni sheria, mwenye kikasha haandiki chake.

Walipokuwa wakishuka wakakutana na Hynek na kapu lake. Akasimama akiduwaa mbele ya umati ule wote wa viatu vya mvua kwenye siku kavu.

"Jamani, mnafanya nini huko juu?"

Wakatazamana.

"Uyoga!" wakajibu kwa pamoja.

Hynek akamgeukia Otakar. Uso wake ulikuwa umejaa uchungu wa mtu aliyesalitiwa. "Nilikuambia usimwambie mtu," akasema.