Mlio wa Kabla ya Maji

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, nikiwa ndiyo kwanza nimeanika sare zangu za shule. Gari la idara ya maji lilisimama mbele ya baraza yetu, akashuka bwana maji na sanduku refu la mbao. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ambayo nadhani hakuisikia, nikajibanza nyuma ya mlango. Nilikuwa kidato cha pili, na wageni walinitisha kuliko mtihani.

Baba alikuwa fundi redio, akifanyia kazi pale pale barazani. Ndani ya sanduku hamkuwa na redio. Ilikuwa mashine ya kutafutia chuma chini ya maji: mpini, duara jeusi la ukubwa wa sahani mwishoni mwake, na waya mnene uliotoka kwenye duara kupanda hadi kwenye kisanduku chenye visikilizio vya masikioni. Bwana maji alieleza kwamba kijiji kimoja kipya, upande wa Ntalikwa, valvu ya pampu yao ilitumbukia bwawani. Vijana waliitafuta kwa kupapasa na miguu kwenye tope siku tatu, wakaambulia ruba. Ndipo ikaazimwa mashine hii kutoka Dar es Salaam, nayo ikafika na waya uliochakaa, ngozi imepasuka pale unapojikunja karibu na duara. Ikizamishwa tu, inalia bila kukoma. Aliitaka kesho yake saa moja asubuhi.

Yeye alikuwa Mzaramo na baba Mnyamwezi, watani wa jadi, kwa hiyo hawakuweza kuagana hivi hivi.

"Mtani, ukiiua hii mali ya umma, utairudisha Dar kichwani, kwa miguu, kama babu zako wapagazi."

"Babu zangu walifika," baba akasema. "Nyie mlikaa njiani kudai hongo."

Walicheka. Lakini gari lilipokata kona, baba alikaa akiitazama ile mashine. Siku zile kuharibu mali ya umma hakukuwa utani. Ungeitwa kwenye kikao ujieleze mbele ya majirani, na baada ya hapo nani angekuletea hata tochi?

Alikata sehemu iliyochakaa, kama shubiri moja. Akaunganisha nyaya za ndani kwa lehemu, chuma chake kikipata moto kwenye jiko la mkaa, nami nikipuliza. Kisha akayeyusha nta, ile ya nyuki wa msituni, akaipaka kwenye kiungo tabaka juu ya tabaka, akaviringisha ukanda wa mpira wa baiskeli, akafunga kwa uzi, akapaka nta tena. Alisema nta ya kwetu haipitishi maji, nyuki mwenyewe anaitegemea masika yote.

Tukajaza karai maji. Mikono yake ilikuwa imeganda nta, basi nikavishwa visikilizio mimi. Niinue mkono nikisikia kelele. Baba akaliteremsha duara polepole. Sauti iliyonipasukia masikioni ilinishtua hata nikasahau nina mikono. Nilipoinua mkono, duara lilikwisha zama.

"Maji yameingia," baba akasema. Akakata shubiri nyingine, akaanza upya.

Sasa niseme ukweli. Nilikuwa na wasiwasi tangu pale. Kitu kiliniambia kwamba mlio ulitangulia maji, ila sikuwa na hakika, na baba akiwa kazini hakupenda kusemeshwa. Fundi hafundishwi, ndivyo alivyozoea kusema. Basi nikapuliza mkaa kimya, karibu saa nzima, huku waya ukizidi kuwa mfupi.

Mara ya pili nilifumba macho nisikilize vizuri. Ukimya, ukimya, kisha mlio. Nikafumbua macho. Duara lilikuwa bado hewani, limeinuka juu ya maji kiasi cha upana wa kiganja.

Niliinua mkono, lakini mkono hauwezi kueleza hayo. Baba aliona nimeinua, basi. Akakaa chini, akaupima waya kwenye mpini. Ungekatwa tena, usingefika kwenye kisanduku. Akachukua kisu hata hivyo.

"Baba, ngoja."

Akanitazama kama vile mbuzi ndiye aliyesema. Nilikimbilia uani kwa bibi, aliyekuwa akijitayarisha kwa magharibi, nikamwomba chungu chake kikubwa cha maji ya udhu. Aliniuliza kimepata nini cha kuhitajiwa na mafundi. Nikamjibu kwamba hakina chuma.

"Mke mwenzangu," akasema, "kikivunjika, mahari yako ndiyo itakayokilipa."

Nilikibeba kikiwa na maji yake hadi barazani, nikakiweka mbali na karai. Baba alikitazama chungu, akalitazama karai la bati, akakirudia chungu. Akaweka kisu chini. Akalishika duara, akaliteremsha likazama lote. Masikioni mwangu, kimya. Akalizungusha, akaukandamiza ule waya chini kabisa ya maji. Kimya. Kisha akausogeza karibu na chungu ufunguo wake wa kabati, na mashine ikalia vizuri, kifupi, kama inavyotakiwa. Nikainua mkono. Nilikuwa nikilia na mimi.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Nilishuku tangu mara ya kwanza."

Alifuta nta vidoleni kwa muda mrefu. "Shubiri nzima, mwanangu," akasema, lakini mabega yake yalikwisha shuka, na mara nikamwona anacheka peke yake. Alikwenda msikitini akiwa bado anacheka.

Jumapili saa moja bwana maji alifika. Baba hakumruhusu aguse karai. Alimpeleka moja kwa moja kwenye chungu. Yule bwana alisikiliza, akavua visikilizio, akasema Wanyamwezi wanaanza kuelimika. Hakuuliza kwa nini waya umekuwa mfupi. Aliipakia mashine, gari likashika njia ya Ntalikwa. Nami nilirudisha chungu kwa bibi, nikaingia chumbani, nikajifunika shuka mpaka kichwani na kulala hadi saa nne, wala hakuna aliyekuja kuniamsha.