Kamera Yangu Yenye Jina la Blanketi

Kuna aibu ya kupita kama manyunyu, halafu kuna hii yangu ya Giakanja, ambayo miaka imeenda na bado nikiona bibi harusi mbele yangu natafuta njia nyingine. Wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu najua mmeshaisikia kwa watu, na hao watu wametia chumvi (sikuzirai, na sikumsukuma mzee wa watu, hayo ni uongo).

Wakati huo nilikuwa nauza nguo Nyeri mjini, Uhuru bado mbichi, na wazungu wa mashamba walikuwa wanauza vitu vyao wakirudi kwao. Katika mnada wa mmoja wao nikajipatia kamera, na si yale masanduku ya kushikilia tumboni, bali ile ya kisasa ambayo ukichungulia unaona kile kile kinachoonwa na lenzi. Ilitengenezwa Japani, nzito kama tofali, na picha zake zilikuwa safi hata mke wangu Wangari, mtu asiyesifu ovyo, alizisifu. Shida yake ilikuwa jina. Pale mbele, juu ya lenzi, iliandikwa Tolbury, na Karanja, yule mwenye studio karibu na soko, siku nilipomwonyesha aliigeuza mara moja tu akanirudishia, akasema Tolbury ni duka la Ulaya la kuuza sufuria na mashuka, na mtu wa maana hubeba kamera ya jina la maana. Yake ilikuwa Kesselmann. Ya Mjerumani, alisema, na alilitamka hilo jina polepole kama mtu anayekula nyama ya mafuta.

Basi ikafika harusi kijijini kwa wakwe zangu, Giakanja, ya Nyambura, mdogo wake Wangari, aliyekuwa anaolewa na Wafula, mwalimu wa chuo cha polisi pale Kiganjo, na watu wa Wafula walikuwa wanatoka mbali kule magharibi kwa basi la kukodi. Baba mkwe alitaka kumpa Karanja kazi ya picha. Nikakataa. Nilisema itakuwaje mgeni apige picha na mkwe wa nyumba yuko na kamera, nikasema sana mpaka mzee akachoka, akakubali, na Karanja akaalikwa kama mgeni tu kwa sababu kwao ni hapo hapo Giakanja.

Jioni kabla ya harusi nikafikiria vile Karanja atakaa pale akisoma lile jina mbele ya wageni, roho ikaniuma, nikachukua utepe mweusi wa mafundi wa stima, ule wa kufungia nyaya, nikaubandika juu ya Tolbury, nikaunyoosha kwa ukucha. Ulipendeza. Kando ya jina kulikuwa na kidirisha kidogo cha kioo, na nacho nikakifunika ili utepe ukae sawa, maana nilidhani ni pambo.

Hakikuwa pambo (nyinyi mnacheka, lakini ningejuaje?). Hicho kidirisha ndicho kilikuwa jicho la kupima mwanga. Kamera ilikuwa na mshale wake upande wa juu, na yule mzungu alinifundisha jambo moja tu kwa haraka akifunga mizigo, kwamba nizungushe vile vyuma mpaka mshale usimame katikati, basi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikipiga picha zangu zote, kwa kuutii mshale.

Kanisani mshale ulilala chini kabisa, nikasema ni giza la kanisa. Nikafungua lenzi yote, nikapiga hivyo hivyo. Tulipotoka nje, jua la saa sita likiwa juu ya kichwa, mshale bado umelala. Nikawapanga maharusi na wazazi mlangoni, nikautazama mshale, hakuna. Nikawatoa wote kivulini nikawapeleka uwanjani. Hakuna. Nikawavusha mpaka kule kwa meza za kuanikia kahawa, mahali hakuna hata mti, bibi harusi akiwa ameshika gauni lake asiburuze udongo mwekundu, na nikapiga picha kadhaa za kubahatisha, nikawaambia wasisogee kwanza.

Walikaa hapo, ndugu zangu. Baba yake Wafula alikuwa amevaa koti zito la sufu kwa sababu aliambiwa Nyeri ni baridi, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola, na kila akitaka kulivua nilimwambia avumilie kidogo. Keki ililetwa nayo iingie kwa picha, sukari yake ikaanza kuteremka upande mmoja. Dereva wa basi alikuwa anapiga honi kwa sababu safari ilikuwa ndefu, na chakula kilikuwa bado hakijaliwa. Wangari akaja nyuma yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Gathoni, piga hiyo picha ama uache." Nami kwa hasira, badala ya kuacha, nikapanda juu ya meza ya kahawa, nikaelekeza mkono juu, nikawaambia watu wote kwamba kosa si langu wala si la kamera.

"Jua ya leo haitoshi," nikasema. "Mlima inameza mwanga."

Hata dereva aliacha honi. Baba yake Wafula akaangalia juu, akapangusa jicho, akamuuliza baba mkwe kwa adabu sana kama huku kwetu jua huwa linaongezeka baadaye.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja. Mnajua kwetu mtu na mama mkwe hawazoeani, mnasalimiana kwa mbali na mnaheshimiana, lakini siku hiyo heshima ilikuwa imeshakauka pamoja na wageni. Alinishusha kwenye meza, akachukua kamera shingoni mwangu, akaiangalia kama anavyoangalia ng'ombe mgonjwa.

"Hii imefungwa kidonda," akasema, na kabla sijafungua mdomo akashika ncha ya utepe akaubandua wote.

Mshale uliruka juu nikauona kwa macho yangu. Lakini mama hakuangalia mshale. Alikuwa anaangalia yale maandishi, na yeye kusoma hajui, ila sura ya kitu akishaiona haisahau.

"Si hii ndio jina iko kwa blanketi yangu?"

Ndilo hasa. Blanketi lilitoka mnada kama ule wangu, na wanawake wote wa Giakanja walikuwa wanalijua. Walicheka wa huku, wakatafsiriwa wa kule, nao wakacheka. Nyambura peke yake hakucheka, alikuwa analia, na hilo ndilo lililonikata maini.

Filamu ilikuwa imeisha. Ikabidi nimwendee Karanja nimwombe, naye akaitoa Kesselmann yake kwenye mkoba taratibu, akitaka ionwe. Mama mkwe bado alikuwa na yangu mkononi. Akaziweka pamoja.

"Hawa ni mapacha," akasema.

Karanja akakataa, akaanza habari za Mjerumani, lakini vyuma vilikuwa vile vile, kidirisha kile kile, kifuniko cha lenzi yangu kikaingia kwa yake, na tulipozigeuza chini zote mbili ziliandikwa kwa herufi ndogo, Japani. Kiwanda kimoja, majina ya kubandika. Karanja akaichukua yake, akaenda kupiga picha. Na mimi hata kufurahi sikuweza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu kumbe nilikuwa naficha kitu ambacho hakikuwa na aibu yoyote, na kwa kukificha nikaipata aibu yenyewe.

Picha zangu zote zilitoka nyeupe kama ukungu wa Julai, kwa kuzidiwa na mwanga. Za Karanja zilikuwa nzuri, na katika hizo kulikuwa na moja ambayo hakuna aliyemwona akiipiga, ya mtu amesimama juu ya meza, mdomo wazi, kidole mbinguni. Baba mkwe aliitia fremu. Iko ukutani kwake mpaka leo, juu ya kiti ninachokalishwa nikienda.

Tangu hapo sijapiga picha ya harusi ya mtu, na sitapiga. Wageni wakija wanauliza yule juu ya meza ni nani, na mimi naangalia kikombe changu cha chai nikingoja. Mama mkwe huwa wa kwanza kujibu.

"Ni mkwe wetu," anawaambia. "Alikuwa anatuombea."