Kipande Kilichobaki Kwenye Friza

Msusi wangu wa mtaa wa Albert Park alikufa, lakini kipande chake kilibaki kazini kwangu, ndani ya friza ya maabara, kidogo kama punje ya harage. Alikitoa kwa hiari yake. Kabla ya kupasuliwa titi aliweka saini kwamba tuchukue nyama ya uvimbe kwa utafiti, kisha akanitania kwa Kiswahili cha kwao, "Dada, mukakaange muzuri." Siku hiyo nilikipokea nje ya chumba cha upasuaji na kukigandisha palepale.

Katika kazi yetu lazima ukimbie. Ndani ya seli, protini hupachikwa fosfeti, kikemikali kidogo, na hiyo ndiyo amri: kua, gawanyika. Tuna kingamwili zinazoishika protini yenye fosfeti tu. Isiyo nayo huipita kana kwamba haipo. Nyama ikipata joto, fosfeti hubanduka, na amri hufutika kabla hujaisoma.

Baada ya mazishi nilipima chembe ya kile kipande. Mstari mweusi ukatokea, mnene: kingamwili zimeshika, fosfeti ipo. Nikarudia nikitumaini nimekosea. Mstari uleule. Yeye yuko kaburini, na uvimbe uliomuua bado umeshikilia amri ya kukua! Mimi si mtu wa mizimu, lakini tangu siku hiyo niliogopa kuifungua friza nikiwa peke yangu.

Kisha mama yake akanifuata saluni, palepale marehemu alipokuwa akinisuka.

"Mutoto yangu anakuyaka kwangu mu ndoto," aliniambia. "Anasema iko na baridi. Tulizika mutoto nusu. Ile ingine muko nayo mu frigo."

"Mama, ni kipande kidogo sana," nikamjibu kipumbavu.

"Kadogo? Weye ulishazala?"

Sikuwa nimezaa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nilikuwa nabishana naye kuhusu ukubwa.

Mkuu wa maabara alinuna nilipomwomba tukirudishe, maana hakuna sampuli iliyowahi kutupatia mstari safi kama ule. Lakini ndugu wana haki ya kuomba warudishiwe, na mwishowe aliridhia. Nilikitia kichupa chenye kile kipande kwenye boksi la barafu, tukapanda taksi kwenda makaburini, ambako pasta wao alikuwa anatungoja.

Tuliposimama kwenye robot, taa ya barabarani ikiwa nyekundu, mama alifungua boksi, akakitoa kichupa na kukifumbata kiganjani.

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kumzuia. Miaka yote hii kazi yangu ni kupigana na joto; nilitaka kupiga kelele akirudishe kwenye barafu. Nilijua kinachotokea mle kiganjani: nyama inayeyuka, fosfeti zinabanduka, amri inafutika. Hata tungegeuza gari wakati ule, kingamwili zetu zisingepata cha kushika.

Mama alinitazama. "Iko anasikia bado baridi?"

"Kidogo, mama," nikasema, nikaufunika mkono wake kwa mikono yangu miwili, kipate joto upesi.