Shuka Nyeupe kwa Boma la Mama Mkwe

Hii aibu nimeificha miaka mingi, lakini sasa meno yenyewe yamebaki manne, nitamficha nani.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, daktari mmoja wa wadudu kutoka Kitale (mama mpole, anavaa gambuti hata jua likiwaka) akanipa shuka nyeupe na chupa, akasema, "Mzee, piga matawi makavu yenye ukungu, wadudu waanguke hapa. Nataka wale weusi wadogo kama uzi, mkia kama bomba. Ukiwapata, kazi ni yako mpaka mavuno." Na mimi kazi nilikuwa sina, ng'ombe wa mwisho alikuwa ameuzwa.

Sasa tawi zuri lilikuwa wapi? Kijijini Myanga, kwa mti wa avokado wa mama mkwe. Na kwetu mkwe hakutani na mama mkwe ovyo, unatuma mtu kwanza. Nikasema ah, nitapiga mara moja niende. Nikapiga, wadudu wakamwagika, halafu tawi lote likaanguka juu ya ua wa boma, nikasikia sauti yake inakuja, nikajifunika ile shuka kichwani na wadudu wake asinione, nikakimbia bila kuona, mpaka katikati ya akina mama wa kanisa wakinywa chai. Meza chini, vikombe chini, mimi juu ya hiyo meza, wadudu wanatembea shingoni na kuvua shati siwezi.

Mama mkwe akaongea akiwa nyuma ya mlango. "Mwambieni mkwe wangu atoke polepole, vikombe vimebaki viwili. Na mmuulize anatafuta nini kwa mti wangu."

"Mwambieni mama ni wadudu," nikasema ndani ya shuka.

"Wanakula maharagwe yangu?"

"Hapana, wanakula ukungu tu, kwa tawi lililokufa."

Akasema, "Basi lile tawi kavu lingine lililobaki mtini nilitaka liwe kuni. Mwambieni nitaliacha, lakini siku nyingine atume mtu."

Kule Kitale, daktari akakunjua shuka, akachungulia kwa kile kioo chake cha kukuza. Kwa pindo walikuwa wamebaki watatu, mmoja ameinua mkia juu kama anajivuna. "Ndio hawa, mzee."

Nilipeleka Myanga vikombe sita, na nilimtuma shemeji. Tangu siku hiyo hata kwa mti mkavu wa porini mimi napiga hodi kwanza, watu wacheke tu.