Mpokezi na Mizani

Kila Jumatatu, mpokezi wa kiwanda cha madirisha pale Duluth, Marekani, alivua viatu, saa na pete ya ndoa, akashusha pumzi yote, ndipo akapanda mizani. Kampuni iliwalipa wafanyakazi dola ishirini kwa kila ratili ya uzito waliyopunguza, na yeye hakukosa malipo hata wiki moja. Marlys wa stoo, aliyekuwa hajapata hata senti, alipiga makofi huku roho ikimuuma.

"Unakula nini, shoga?"

"Kidogo tu, mpenzi," alijibu kwa sauti ile ile ya kupokelea simu.

Mchana Marlys alimkuta garini mwake, amefumba macho, ananusa donati. Mpokezi akashtuka, akashusha kioo.

"Chukua wewe. Bado ya moto."

Marlys akaipokea, akaila palepale mbele yake, taratibu, mpaka akalamba sukari vidoleni.